Samaki Waliofumba Midomo

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo ni miaka miwili, miezi saba na siku kumi na moja tangu niondoke nyumbani. Nimehesabu kwa vidole, kisha kwa kalenda ya ofisini, ikawa ileile.

Daftari hili nimepewa niandike siku ninazobadilisha maji ya matangi. Kazi hiyo inakula mstari mmoja. Kurasa zilizobaki nimejigawia mwenyewe. Niliishia darasa la sita, atakayesoma avumilie.

Nafanya kazi kwenye shamba la samaki, lakini si samaki wa kula. Watu huwanunua wawaweke sebuleni wawatazame. Nilipofika nilicheka sana, samaki wa kutazamwa tu, kama picha ya ukutani. Sasa sicheki, wananilisha. Chumba changu ni cha tatu: matangi ishirini ya kioo, pampu ya hewa inayokohoa kama mzee, na samaki wanaoitwa sikilidi. Ni ndugu wa mbali wa perege, ila ni perege aliyevaa nguo za harusi. Dume ni bluu ya kuumiza macho. Jike ni kijivu, kama maji yaliyooshewa vyombo.

Asubuhi msimamizi alituita. Sisi tunamwita Kidole, kwa sababu kazi yake yote anaifanya kwa kidole: hiki toa, kile weka. Akasema mwisho wa Mei anakuja mnunuzi mkubwa. Anataka familia kumi kutoka chumba cha tatu, kila familia dume mmoja na majike wanne, wenye afya na rangi safi.

"Chumba kikipita," akasema, kidole kwangu, "wewe utapewa likizo. Mwezi mzima, uende kwenu, nauli ya shamba."

"Kweli, bosi?"

"Mimi nimewahi kukudanganya?"

Watu wote wakatazama viatu vyao.

Jioni nikapiga simu nyumbani. Nikamwambia binti yetu, baba anakuja mwisho wa Mei. Alipiga kelele mpaka simu ikakwaruza. Mama yake alichukua simu, akaniaga.

4 Machi

Maji, tangi la kwanza hadi la kumi. Mvua imeanza.

7 Machi

Mke wangu amepiga yeye, jambo ambalo si kawaida yake. Akaanza kwa upole, nikajua nimeumia.

"Mume wangu, mwaka juzi ulimwambia Desemba."

"Niliumwa, unajua."

"Najua. Mwaka jana ukamwambia shule zikifungwa. Mtoto alivaa viatu vya kutokea siku tatu mfululizo, anakaa kizingitini. Siku ya nne nikamvua mwenyewe, amelala. Wewe hukumwona. Mimi nilimwona."

Nikasema safari hii ni kweli. Akasema, "Ahadi ni deni, lakini mtoto hajui kudai, anajua kungoja tu. Usimwambie tena tarehe. Ukifika, umefika."

Nilipoondoka alikuwa na miaka minne. Sasa meno ya mbele yametoka na mengine yameota, na mimi sijaona hata pengo.

10 Machi

Nimetenganisha samaki. Kidole alinifundisha: wenye rangi huku ni madume, wasio na rangi kule ni majike. "Kazi ya nusu siku, hata kipofu ataiweza." Nimepata madume kumi na wanne na majike hamsini na wanane. Hesabu inatosha na chenji inabaki. Nilishika kichwa nikacheka peke yangu. Nilimaliza kabla ya chai.

13 Machi

Kwenye tangi la majike kuna mmoja ana bluu kidogo kwenye paji la uso. Labda ni taa.

14 Machi

Si taa.

15 Machi

Yule jike sasa ni bluu mzima, mistari myeusi imemkaa kama suti, na anawakimbiza wenzake kona kwa kona. Siku tano zilizopita alikuwa kijivu, amejikunja nyuma ya jiwe. Nilimwita Fundi, ninayelala naye chumba kimoja. Yeye ndiye anayetengeneza pampu za shamba lote.

Fundi akatazama, akasema, "Mke wa mtu huyo, ameamka amechoka na ndoa."

"Acha mzaha. Jike anaweza kuwa dume?"

"Mimi ni wa pampu. Pampu haina mambo hayo."

Nimemtoa nikamweka na madume. Wakampiga.

19 Machi

Mwingine amegeuka. Tangi lilelile.

20 Machi

Nimekwenda kwa Shangazi. Si shangazi wa mtu yeyote hapa, ni jina la heshima. Anachanganya chakula cha samaki, miaka ishirini sasa, na nguo zake zinanuka uduvi hata akitoka kuoga, anasema mwenyewe. Nikamweleza kisa. Akafuta mikono, akacheka mpaka akakohoa.

"Nani kakwambia asiye na rangi ni jike?"

"Kidole."

"Kidole anajua kuonyesha, hajui kutazama. Sikiliza, mwanangu. Tangini akiwepo dume mbabe, wale madume wadogo hawavai bluu. Wakivaa watauawa. Basi wanajifanya kijivu, wanapita pembeni kama majike, wanakula makombo. Siku mbabe anaondoka, mmoja anaanza kujitazama: kumbe na mimi! Rangi kwa hawa ni jeuri, asiye na ubavu haivai."

"Mimi ndiye nimewaondoa wababe wote."

"Basi kaa utazame sinema."

Kumbe ndiyo sababu, miaka yote niliyokuwa hapa, wanunuzi wanapiga simu kulalamika kwamba majike wamepigana wakauana. Walikuwa wanauziwa madume waliojificha. Na kila mara Kidole anawajibu kwamba maji yao ni mabaya.

Nikamwuliza nitawajuaje. Akanipeleka tangini. Akalowesha mkono kwanza, maana mkono mkavu unamchubua samaki ute wake na ute ndio ngozi yake. Akamshika mmoja, akamgeuza tumbo juu, taratibu kama anayegeuza mtoto mchanga.

"Hesabu mpaka kumi, ukifika kumi mrudishe. Tazama hapa chini, mbele ya pezi. Matundu mawili. Moja la choo, moja la kizazi. Yakilingana, dume. Hili la nyuma likiwa pana kuliko la mbele, jike, kwa sababu yai linapita hapo. Rangi inadanganya, pezi linadanganya, hata yale madoa ya manjano kwenye pezi la chini yanadanganya, jike naye huwa nayo. Tundu halidanganyi."

Nilitazama. Sikuona kitu. Macho yangu yamechoka, miaka minane niliponda kokoto. Shangazi alihesabu kumi, akamrudisha.

21 Machi

Fundi ameniazima kioo chake cha kukuzia, anachotazamia nyaya. Sharti nisikidondoshe majini. Nimekidondosha majini. Kimepona.

Nimeona matundu! Mawili kama nukta za kalamu.

24 Machi

Nimewapitia wote. Mikono imejikunja kama ya mfuaji nguo. Kwenye wale "majike" hamsini na wanane, kumi na mmoja ni madume. Wengine wanne sina uhakika, nimewaweka peke yao, nitawatazama tena wakikua. Wamebaki majike arobaini na watatu. Wanaotakiwa ni arobaini. Hapana nafasi ya kuua hata wanne.

Kidole amekwenda safari ya siku tatu. Sijawahi kuona shamba hivi. Fundi anaimba. Mlinzi, ambaye nilidhani ni bubu, ametusimulia hadithi ya punda wake saa nzima. Mimi nimejikuta nimesimama mgongo umenyooka, nikajishangaa. Ni kweli paka akiondoka panya hutawala, lakini nilichokiona si utawala. Watu wamevaa rangi zao tu.

29 Machi

Maji, matangi yote. Mvua siku nne bila kupumua.

31 Machi

Sasa nina swali jingine linaloninyima utulivu: rangi ya dume inatoka wapi? Nina madume wa umri mmoja, mama mmoja, huyu anawaka, yule amefifia kama shati la mwaka jana.

Nimeanza kujaribu. Tangi la tano nimemwaga mchanga mweupe chini, la sita mchanga mweusi kutoka kwenye lundo la mafundi ujenzi, nimeuosha ndoo tisa. Nyuma ya la sita nimebandika mfuko mweusi. La saba chakula cha kawaida. La nane Shangazi amenichanganyia uduvi wa kusaga, mwani wa unga, na pilipili hoho nyekundu iliyokaushwa.

"Hoho kwa samaki, Shangazi?"

"Wewe ukila karoti nyingi viganja havigeuki manjano?"

9 Aprili

Mchanga mweusi! Siku ya tatu tu walianza kukolea, leo wa tangi la sita wanaonekana wamepakwa upya. Wa mchanga mweupe wamepauka. Shangazi anasema samaki hujifananisha na sakafu yake ili asionekane. Sakafu nyeupe, naye anajififisha. Chakula kinakwenda polepole zaidi, ila wekundu wa mapezi umeanza kuonekana. Na tangi ambalo maji yalichelewa siku mbili wote wamefifia, mchanga uwe mweusi usiwe. Rangi si kitu cha kupaka. Ukiondoa yanayomsumbua, anakuwa nayo.

Nimewaza jambo hili mpaka ndoo ikafurika.

12 Aprili

Leo nimefanya ubaya.

Jike mmoja wa tangi la kumi na moja alikuwa amevimba kidevu siku kadhaa. Alikuwa hali. Nikatupa chakula, kikapita mbele ya pua yake, wala hakugeuka. Nikasema anaumwa. Nikaingiza wavu ghafla nimtoe nimpe dawa. Alipoguswa akafungua mdomo, akatema kama shanga za manjano, ishirini au thelathini, kila moja na madoa mawili meusi. Yalikuwa macho. Watoto wake! Alikuwa anawatunza mdomoni. Kabla sijaelewa ninachokiona wenzake walikuwa wameshawala. Dakika moja haikupita. Akabaki anazunguka, anafungua na kufumba mdomo mtupu.

Shangazi hakunigombeza, na ndiyo iliyouma. Akasema hawa ndivyo walivyo: mama akishataga anayakusanya mayai mdomoni, anafumba, wiki tatu hali kitu, mpaka watoto waweze kuogelea wenyewe. "Ukimtisha anawatoa kabla ya wakati. Na mtoto akitoka kabla ya wakati ni chakula cha wengine."

13 Aprili, Jumapili

Nimempigia mke wangu, sikuwa na la kusema, nikamsimulia yule samaki. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Wiki tatu hali?"

"Hali."

"Wala hafungui mdomo?"

"Hafungui."

"Basi jifunze kwake," akasema. "Na wewe ile tarehe yako ifumbie mdomo. Usiitoe mpaka iweze kuogelea."

Tukacheka. Alikuwa hajacheka nami tangu mwaka jana. Binti alitaka simu, akaniuliza, "Baba, Mei ni baada ya mwezi gani?" Nikamwambia baada ya Aprili. Akaniuliza sasa hivi ni mwezi gani. Nikamwuliza habari za shule.

22 Aprili

Maji. Mvua. Nguo hazikauki.

5 Mei

Nimepanga familia kumi kwenye karatasi. Madume kumi wenye bluu safi nimewaweka matangi ya nyuma, kila mmoja peke yake, mchanga mweusi, ili wasiumizane kabla ya siku. Majike matangi ya mbele. Kidole alipita, akatazama majike, akakunja pua.

"Mbona wamepooza?"

"Ni majike, bosi. Ndiyo rangi yao."

"Mnunuzi atakuja kutazama kijivu?"

"Anataka familia, si maonyesho."

Sikuwahi kumjibu hivyo. Kidole kilibaki hewani, hakikujua kielekee wapi.

10 Mei

Siku tano zilizopita niliwaingiza majike kumi na sita kwa madume wanne kwa zamu, nijue kama familia zinakubaliana. Zimekubaliana kupita kiasi. Leo naona videvu kumi na sita vimevimba. Wengine wametaga jana, wengine leo. Nimewahamisha wote matangi ya pembeni kwa kikombe, si kwa wavu, nikibana pumzi kama mwizi. Nimeziba kioo kwa gazeti asiwatishe mtu.

16 Mei

Chakula kinazama mbele ya pua za wale kumi na sita nami nakinyonya kwa mpira. Wamekonda, vichwa vimekuwa vikubwa kuliko miili. Nawaonea huruma. Nimejaribu hata uduvi mbichi, ambao wengine wanagombania. Hakuna hata mmoja aliyefumbua.

21 Mei

Niandike pole pole, nisiruke kitu.

Asubuhi nimewasha taa, nikaenda matangi ya mbele kuwasalimia majike. Nimewakuta bluu. Si mmoja, si wawili. Wote ishirini na saba, waliokuwa kijivu, sasa wana bluu chafu na mistari, mapezi yamechongoka. Nilidhani nimekosea chumba. Nikachukua kioo cha Fundi, nikawashika mmoja mmoja. Matundu ni yaleyale. Majike. Majike waliovaa nguo za waume zao.

Nikabeba ndoo ya chakula hadi kwa Shangazi. Akainusa. Uso ukambadilika.

"Chakula changu hakinuki spiriti," akasema.

Akanieleza. Kuna dawa, ni homoni ya kiume, inayeyushwa kwa spiriti na kunyunyiziwa chakula. Hata jike anawaka rangi ndani ya siku kumi. Ikiisha mwilini, miezi miwili mitatu, rangi inafutika, na jike mwenyewe mara nyingi hatagi tena. "Zamani walitumia hapa. Mwenye shamba akapiga marufuku baada ya mteja mmoja kurudisha mzigo mzima. Nilidhani chupa zimetupwa."

Nikaenda kwa Kidole. Sikubisha hodi.

"Umewapa dawa."

"Nimekusaidia," akasema, bila hata kuinua kichwa. "Mnunuzi anapenda bluu, mpe bluu. Madume wako sikuwagusa, wanang'aa tayari, dawa ni ghali. Wale waliopooza tu, ndoo yote ya chumba cha tatu ya majike, tangu tarehe kumi na moja."

"Wataharibika."

"Wataharibikia kwake, si kwetu." Sasa akainua kidole. "Wewe likizo unaitaka au huitaki? Siku ya mnunuzi, mimi nitasema, wewe utashika taa. Basi."

Nikatoka. Mvua ilikuwa inanyesha, nikasimama nayo.

22 Mei

Fundi anasema nyamaza. "Miaka miwili na nusu, ndugu yangu. Samaki wa watu hawatakulilia."

Yuko sawa. Nimewaza yule mnunuzi atakayekaa mbele ya tangi lake miezi miwili akiona rangi inaondoka, akidhani kosa ni lake, anabadilisha maji, anabadilisha taa. Nimemwaza pia mtoto kizingitini na viatu. Wote wawili wanangoja kitu walichoambiwa.

Lakini mmoja ni wangu.

25 Mei, Jumapili

Sikupiga simu nyumbani. Nilisema mtandao ni mbaya, kwa ujumbe.

29 Mei

Maji, matangi yote. Vioo nimeving'arisha. Kesho.

30 Mei, Ijumaa

Mnunuzi ni mama mmoja mfupi, miwani mbili, moja machoni, moja kichwani. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, asiingize tope. Nikampenda palepale, ikawa shida zaidi.

Kidole alimpokea kwa kidole na maneno mengi. Hapa madume, mama. Hapa majike, ona wanavyong'aa, uzao maalumu. Mama akainama tangi la mbele. Akatazama tangi zima, kona kwa kona. Kisha hakumwuliza Kidole. Akanigeukia mimi niliyeshika taa.

"Nani anawalisha hawa?"

"Mimi, mama."

"Yupi jike hapa?"

"Wote."

"Mbona bluu?"

Kidole alisimama nyuma yake, macho yamemtoka, kichwa kinatikisika polepole: hapana. Nilijua nikisema ni uzao maalumu, mwezi ujao niko nyumbani. Maneno yalikuwa tayari. Mepesi kabisa.

Nikasema, "Rangi usiitazame, mama. Wamelishwa dawa. Tangu tarehe kumi na moja. Ni majike kweli, nimewakagua matundu mimi mwenyewe, lakini rangi itaondoka na sidhani kama watataga."

"Huyu mlevi!" Kidole akafoka. "Mama, huyu aliishia darasa la sita!"

"Mimi niliishia la nne," mama akasema. "Endelea, kaka yangu. Wote wamelishwa?"

"Ndoo yote ya majike, mama. Wote walioku..."

Hapo nikanyamaza. Nilikuwa nasema "wote waliokula." Neno lilinigonga mimi mwenyewe kabla halijatoka. Nikaweka taa chini. Nikaenda matangi ya pembeni, nikatoa lile gazeti.

Walikuwa pale kumi na sita, wamekonda, videvu vimejaa, kijivu kama maji yaliyooshewa vyombo. Sijawahi kuona rangi nzuri kama ile.

Mama akasogea kwa vidole vya miguu. Akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni.

"Wana watoto mdomoni?"

"Siku ya ishirini na moja kwa waliotangulia, ya ishirini kwa wengine."

"Kwa hiyo hawajala siku ishirini."

"Hawajala chochote. Nilijaribu hata uduvi mbichi."

Akaanza kucheka, bila sauti, asiwatishe. "Dawa imepita mbele ya pua zao," akasema. "Mama hawa! Uchungu wa kuzaa umewaponya."

Nikamwonyesha madume wanne waliowatagisha, nao hawakupewa dawa. Akanitaka nimgeuze mmoja, amtazame matundu. Nililowesha mkono. Nilihesabu kumi. Alitikisa kichwa kuridhika, akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema Shangazi.

Amechukua familia nne badala ya kumi. Lakini hakuwachukua leo. "Safari itawatisha, watatema. Wakae mpaka wafungue wenyewe." Kisha akaenda ofisini kwa mwenye shamba, akafunga mlango. Kidole alibaki nje, mikono mfukoni. Mara ya kwanza nakiona kile kidole kimepumzika.

Alipopita kwangu akasema kwa sauti ndogo, "Likizo sahau."

31 Mei

Hakuna habari. Maji.

1 Juni, Jumapili

Nimekaa kwenye ndoo iliyofunikwa mbele ya tangi la pembeni tangu nilipoamka. Karibu na adhuhuri yule mkubwa alishuka mpaka kwenye mchanga, akatazama huku na huku, akafumbua mdomo. Kakatoka kamoja, kadogo kama punje ya mchele, kenye macho. Kakasimama majini, kakajua la kufanya. Kisha wengine, kama watoto wanaotoka darasani. Nilisogeza mkono kidogo tu, wakarudi wote mdomoni kwa mkupuo. Nikautoa. Wakatoka tena.

Nilihesabu thelathini na wanne. Nikamtilia uduvi. Alikula!

3 Juni

Mwenye shamba ameniita. Nilivaa shati safi, maana mtu akifukuzwa awe nadhifu. Ni mwanamke wa maneno machache. Akasema mnunuzi anataka familia sita zilizobaki mwezi wa tisa, kutoka uzao mpya, na ameweka sharti moja: awachague mtu wa chumba cha tatu, sio mwingine. Akasema chupa za dawa amezivunja mwenyewe. Kidole amehamishiwa ghala la magunia.

"Watoto wa samaki wanahitaji wiki ngapi kabla ya kutambulika?"

"Kumi na mbili, mama, hata zaidi. Kabla ya hapo ni kubahatisha."

"Basi hapa kati huna la kutambua. Shangazi atalisha. Nenda kwenu, uwe umerudi kabla hawajaanza kuvaa rangi."

Nikasema asante mara ngapi sijui. Nilipotoka nilimkuta Fundi amejibanza mlangoni. "Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini," akasema, "lakini wewe guu zima, unakwenda kwa raha zako." Akanikumbatia na grisi zake zote. Shati safi likaisha.

5 Juni

Mama wa miwani mbili amewachukua, kila familia kwenye mfuko wake wa maji na hewa. Watoto wamebaki kwangu, mia nne na kitu, wote kijivu. Hakuna anayejua nani ni nani. Na mimi sitaki kujua mapema.

Sijamwambia mtu nyumbani. Naingoja tiketi.

10 Juni

Tiketi. Nimeisoma mara tano, mbele na nyuma.

Nikapiga simu. Mke wangu akapokea, kwa nyuma nasikia mtoto anasoma kwa sauti, kosa moja kila mstari, kama baba yake.

"Nina jambo," nikasema.

"Kama ni tarehe, kumbuka samaki wako."

"Samaki wangu amefungua mdomo."

"Una tiketi mkononi?"

"Ninayo."

"Isome."

Nikasoma yote, kiti namba kumi na saba, dirishani, kuondoka alfajiri ya Alhamisi. Nikasoma hata maandishi madogo ya kwamba mzigo ukipotea shauri yako. Kisha akasema, "Ngoja. Simwambii mimi. Mwambie mwenyewe."

Simu ikapita mkono. Nikasikia mtu mdogo akibana simu sikioni.

"Baba?"

"Chukua kalamu, mwanangu, uandike. Baba anafika Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, kabla jua halijazama."